Sukari Niliyodhani Nimeitema

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Hapana, hiyo ni sauti ya watu ambao hawajanywa chai. Nasema, Bwana asifiwe! Haya, sasa tumeamka. Leo sikusimama hapa kusoma somo, wala kutangaza zamu ya kufagia uwanja. Nimesimama kama mtu aliyetolewa shimoni, na shimo lenyewe nililichimba mwenyewe, kwa ubishi wangu. Mchungaji amenipa dakika kumi. Mnanijua mimi na dakika kumi, kwa hiyo mnivumilie.

Kwa wageni, jina langu ni Zakaria, baba yake Eliza, mzee wa kanisa hapa, na kazi yangu ni machungwa. Sisemi nauza. Mimi ni mwonjaji. Mgeni asiyezijua kazi zetu za Muheza anaweza kucheka, basi acha nieleze. Mnunuzi wa shamba la machungwa hawezi kutegemea ganda. Chungwa la huku kwetu linaweza kuwa kijani kabisa na ndani ni asali, na jingine la njano likakufumba macho kwa ukali. Kwa hiyo kabla wachumaji hawajapanda, hutangulia mtu mmoja. Anapita mti kwa mti, anachuma moja la juu na moja la chini, anakata, anaonja, halafu anasema: huu uchumwe, ule uachwe wiki mbili. Mtu huyo ni mimi, tangu ujana wangu. Rafiki yangu Hatibu, Mdigo, mtu wa swala tano, ndiye anayepakia mzigo na kuuvusha Horohoro kwenda Mombasa. Nikisema shamba hili tamu, Hatibu analeta lori bila kuuliza swali.

Niseme kweli mbele za Mungu: nilikuwa na majivuno na ulimi huu. Watu wakinisifia nilikuwa najifanya sisikii, ili warudie.

Miaka saba iliyopita nikapimwa, nikakutwa na sukari. Nikaanza kliniki ya kila mwezi, siku ya Alhamisi, na vidonge asubuhi na jioni. Muuguzi akanikalisha na mke wangu akatueleza: acha soda, chai inywe bila sukari, wali kiasi, ugali kiasi, matunda nayo kiasi. Aliposema matunda nikashtuka. Nikajiuliza, sasa mimi nitakula wapi, na kazi yangu ndiyo hiyo? Nilipaswa kumwambia pale pale kwamba jamani, mimi ni mwonjaji wa machungwa, nisaidieni. Sikusema. Nilirudi nyumbani nikakaa siku mbili nawaza, na siku ya tatu nikapata ujanja wangu.

Ujanja ulikuwa huu: nitaonja, halafu nitatema. Juisi ikigusa ulimi, ladha nimeipata, nayo naitemea chini, sukari inabaki kwenye majani. Ndugu zangu, nilijiona nimeishinda hospitali nzima! Nikamweleza Hatibu, naye akasema, "Zakaria, wewe kichwa chako si cha kawaida." Nikafurahi. Leo najua alikuwa na maana yake.

Fikirieni wenyewe. Msimu ukipamba moto napita miti hamsini, sitini kwa siku, na kila mti naonja mara mbili. Tangu jua linapochomoza hadi linapochoma utosi, kinywa changu kinaoga juisi. Na sisi waonjaji tuna mila yetu: katikati ya kazi hatusukutui kwa maji. Wazee walitufundisha kwamba maji yanapoza ulimi, chungwa kali likaonekana tamu, ukamtia mnunuzi hasara. Kwa hiyo ile juisi inakaukia humo humo kwenye meno mpaka mchana. Siku hadi siku, msimu hadi msimu, na mimi nahesabu kwamba sukari nimeitema.

Basi fizi zikaanza kutoa damu. Kwanza kidogo, doa la waridi kwenye mswaki. Halafu nikawa nikitema asubuhi beseni linatisha. Mimi nikakumbuka jambo moja tu nililoshika kliniki, kwamba mwenye sukari kidonda chake hakifungi upesi, ajihadhari na majeraha. Nikasema, aha! Huu mswaki unanichana! Kila asubuhi najitia vidonda kwa mkono wangu mwenyewe! Nikauacha. Ndiyo, nacheka sasa, na ninyi chekeni, lakini wakati ule niliuweka mswaki juu ya dirisha kama mtu anayeficha kisu. Badala yake nikawa nasugua fizi kwa limau na chumvi. Lilikuwa likichoma mpaka machozi yananitoka, na mimi nikadhani ule uchungu ndio uponyaji wenyewe.

Damu ikapungua kweli, maana hakuna kilichokuwa kinazigusa fizi. Nikaona nimepona. Lakini meno yakaanza kuonekana marefu, fizi zikapanda juu kama pazia lililofupishwa. Magego mawili ya kulia yakaanza kucheza nikiyasukuma kwa ulimi. Ufizi ukavimba, ukatulia, ukavimba tena. Mke wangu, Mama Eliza, akasema nenda ukang'oe. Nikamkatalia kata kata. Baba yangu mdogo alikuwa na sukari, akang'olewa jino, damu ikakataa kukatika, tukamzika. Kwa hiyo kwetu ilikuwa sheria ya ukoo: mwenye sukari hagusi jino. Litoke lenyewe au abaki nalo.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo maisha yalipoanza kunibana.

Jicho langu la kulia likaingia ukungu. Mnakumbuka jinsi nilivyokuwa nasoma somo hapa mbele, naruka mistari, nasoma neno nisilolijua, na kwaya inainamisha vichwa kwa adabu. Siku moja niliwasomea waraka mwingine kabisa na hakuna aliyenisahihisha. Nikapelekwa mjini Tanga, kwa binti yetu Eliza anayeishi Usagara, naye akanifikisha kwa daktari wa macho. Akasema ni mtoto wa jicho, anaondolewa kwa upasuaji mdogo, jicho linarudi. Haleluya! Lakini akasema la kushoto nalo limeanza, kwa hiyo tusichelewe. Akaagiza nipimwe sukari. Ikaja kumi na saba, zaidi ya mara mbili ya inayotakiwa. Akatikisa kichwa. "Mzee, kwa sukari hii siwezi kukupasua. Kidonda kinaweza kuoza, ukalipoteza jicho lenyewe. Ishushe kwanza, urudi."

Nikarudi nyumbani. Nikameza vidonge bila kukosa hata kimoja. Wali nikauacha. Nikawa natembea kila jioni mpaka barabara kuu na kurudi. Baada ya miezi miwili nikaenda tena Tanga, nikapimwa: kumi na tisa. Imepanda! Daktari akanitazama kama mtu anayemtazama mlevi anayesema ameacha pombe. "Mzee, unakula nini huko?" Nikasema sili kitu. Akaandika kitu kwenye cheti, akanirudisha.

Na nyumbani ndiko kulikokuwa kugumu zaidi. Mama Eliza ni mwanamke mpole, ninyi nyote mashahidi. Lakini alianza kunikagua. Ninakuta mifuko ya suruali imegeuzwa nje. Kopo la sukari likahama jikoni, sikujua limehamia wapi. Siku moja akaniambia waziwazi, "Baba Eliza, mimi ni mkeo, usinifanye mtoto mdogo. Kama unakula vitu huko mashambani, niambie. Ukipofuka, nani atakushika mkono kama si mimi?" Nikaapa. Nikaapa kwa Biblia, ndugu zangu, na nilikuwa naapa kwa moyo safi, maana nilijua natema! Lakini tangu hapo akawa analala ameelekea ukutani, na mimi nikadhani amenichukia kwa uongo ambao sikuusema. Iliniuma sana. Iliniuma kuliko jicho.

Je, niliomba? Niliomba! Nilifunga siku tatu tatu. Nilikuja hapa mbele, mchungaji akaniwekea mikono. Nilimlilia Mungu kwa ajili ya jicho. Nilimlilia kwa ajili ya sukari. Kwa ajili ya ndoa yangu pia. Lakini kinywa, ndugu zangu, kinywa hicho hicho nilichokuwa nalilia nacho, sikukitaja hata siku moja! Sikukiona kama kina habari yoyote na mambo yale. Mungu alikuwa na jibu, na sasa naona lilikuwa limeanza kunifikia, ila kwa njia ambayo iliniaibisha.

Ilikuwa mwanzo wa msimu, asubuhi, shamba la mjane mmoja jirani zetu, miti mia na kitu, kazi yake ya mwaka mzima. Hatibu alikuwa tayari ameita lori. Nikaonja mti wa kwanza: mchungu. Wa pili: mchungu, tena uchungu mbaya, kama chuma. Wa tatu, wa nne, hivyo hivyo. Nikamwambia Hatibu, shamba hili limeingia ugonjwa, usichukue hata moja. Yule mama akashika kichwa. Hakulia kwa sauti, aliketi tu kwenye mizizi ya mti, kanga kaiweka mdomoni.

Hatibu akamtazama yule mama, akanitazama mimi, akaokota lile lile chungwa nililolitema, nusu nyingine ambayo sikuigusa. Akauma. Akatafuna polepole. Akachukua la mti wa pili, akauma. Halafu akanishika mkono, akanivuta mbali na watu.

"Zakaria, wallahi hili chungwa ni tamu. Sijala tamu kama hili mwaka huu."

Nikamwambia ulimi wako haujui kazi.

"Ndugu yangu, uchungu unao wewe kinywani. Na niruhusu nikwambie jingine, Mwenyezi Mungu anisamehe kama nakukosea." Akasita. Mtu huyu ambaye tumebishana kila kitu kwa miaka ishirini, akasita! "Kinywa chako kinanuka, Zakaria. Si harufu ya asubuhi. Kinanuka kidonda. Madereva wangu hawataki tena ukae nao mbele kwenye lori, ndiyo maana nakuambia kila siku kuna mzigo kwenye kiti. Hakuna mzigo."

Ndugu zangu! Ningependa niwaambie nilipokea kwa unyenyekevu. Nilimtukana. Mimi, mzee wa kanisa, nilimtukana mtu kwa kuniambia ukweli, nikaondoka kwa miguu hadi nyumbani, jua linawaka, jicho moja halioni, nimeshika mdomo kwa mkono. Nikatema mate kiganjani nikayanusa. Nikanusa tena. Nikajua.

Nilimkuta Mama Eliza anakuna nazi. Nikasimama mlangoni nikamuuliza bila salamu, "Mama Eliza, kinywa changu kinanuka?"

Akaacha kukuna. Machozi yakaanza kumtiririka akiwa bado amekaa juu ya mbuzi. Mwishowe akasema, "Mwaka wa pili sasa."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje, Baba Eliza? Wewe ni mzee wa kanisa. Unasimama mbele za watu. Nilikuambia ung'oe ukanikatalia. Ningesema nini zaidi?"

Kumbe hakuwa ananichukia! Alikuwa anageukia ukutani apate kuvuta pumzi. Nilikaa chini pale pale kizingitini. Nililia kama mtoto, ndugu zangu, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi mke wangu alikuja akakaa karibu nami.

Kesho yake, haikuwa hata Alhamisi, alinishika mkono hadi hospitali, lakini safari hii tulipita mlango wa kliniki ya sukari tukaenda mlango wa meno. Daktari wa kinywa alikuwa binti mdogo tu, kwao Pangani, kajitanda mtandio wake vizuri. "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu." Akanilaza kwenye kile kiti, akawasha taa. Alibonyeza ufizi wa magego yale kidogo tu, na kitu kikatoka ambacho sitakitaja mbele ya watu wanaokwenda kula mchana.

Akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamweleza, hata pale kitini nikamweleza kwa majivuno. Akakiweka chini kile kifaa chake.

"Miti mingapi kwa siku, baba?"

"Hamsini, sitini. Lakini natema, mwanangu. Simezi."

"Baba, unapoitema, meno yamekwisha kuipokea. Na hakuna mtu anayetema yote, nyingine umekwisha kuimeza bila kujua. Unasukutua baadaye?"

Nikamweleza ile mila yetu ya waonjaji. Akafumba macho kidogo. Nikamweleza habari ya mswaki, jinsi nilivyouacha ili usinitie vidonda. Akafumba tena. Halafu akanieleza kwa upole kana kwamba mimi ndiye mtoto wake. Akasema mswaki haukunijeruhi. Fizi zilikuwa zinaumwa tayari, kwa ukoga uliojibana chini yake ukawa mgumu kama jiwe, na kule kutoa damu ndiko kulikokuwa kukiniita niende hospitali. Nilipouacha mswaki, nikauachia ule uchafu nafasi. Na limau nililokuwa nasugua lilikuwa linayala meno yenyewe.

Kisha akasema neno ambalo nililishika na sitaliachia mpaka kufa. Akasema, "Sukari ikiwa juu, fizi zinaoza upesi. Na fizi zikioza, sumu zake zinaingia kwenye damu na kuizuia sukari isishuke. Wanasaidiana kukumaliza. Wewe umekuwa ukimeza vidonge kupigana na mmoja, na mwenzake umemfuga kinywani."

Mama Eliza aliyekuwa amekaa pembeni akasema kwa sauti, "Bwana wangu!" Akanitazama. Nami nikamtazama. Hakuhitaji kuniomba msamaha kwa ile mifuko, lakini aliniomba, palepale mbele ya daktari. Nikajiona mtu tena!

Sasa ikaja habari ya kung'oa. Nilikaa wima. Nikamwambia binti, hapana, hilo haliwezekani, baba mdogo alikufa. Akauliza, "Aling'olewa hospitali gani?" Nikasema hakung'olewa hospitali. Aling'olewa kijijini, kwa koleo, na fundi wa baiskeli. Yule binti alijitahidi asicheke, akashindwa, na mimi nikacheka, usaha na yote. Miaka yote ile tulikuwa tunaisingizia sukari, na hakuna mtu katika ukoo mzima aliyewahi kulitaja lile koleo.

Hakuning'oa siku hiyo. Alinitoa usaha, akanipa dawa ya kuua vijidudu, akamwandikia barua daktari wangu wa sukari ili waelewane. Wiki iliyofuata akanikwangua ukoga upande wa kulia, na iliyofuata upande wa kushoto. Akanifundisha kupiga mswaki upya, mzee mzima, mbele ya kioo: mswaki laini, polepole, ukiuinamisha kwenye mpaka wa jino na ufizi, asubuhi na kabla ya kulala, na ulimi usiusahau. Damu itatoka siku za kwanza, akasema, usiogope, usikimbie tena. Kweli ilitoka kama wiki moja na nusu, halafu asubuhi moja nikatema povu jeupe tupu. Nilimwita mke wangu aje aone mate! Hata yeye alishangilia.

Siku ya kung'oa, mimi na utakatifu wangu nikaamua kufunga ili Mungu anilinde. Nilifika tumbo tupu, na vidonge sijameza. Binti akanipima, akaniuliza umekula nini, nikamjibu kwa fahari kwamba nimefunga. Akaniambia, "Baba, nenda ukale. Mwenye sukari haji kwangu na njaa, utanizimikia kitini. Kula, meza dawa zako, kisha urudi tufanye kazi." Nikatolewa nje kama mwanafunzi aliyesahau daftari. Mama Eliza alinipeleka kwa mama ntilie nikala chapati nusu na maharage, nikarudi. Na Mungu alinilinda nikiwa nimeshiba!

Akanichoma ganzi. Akavuta. Sikusikia kitu ila mlio. Akaniwekea pamba, akasema uma kwa nguvu ukae hapo nje nusu saa. Nilikaa kwenye lile benchi nasubiri kufa. Kweli nawaambia, nilikuwa nimekwisha kumwagiza Mama Eliza wimbo gani uimbwe. Nusu saa ikapita, binti akatoa pamba, akatazama, akasema damu imesimama, nenda nyumbani. Ndiyo hivyo tu! Na hicho ndicho nilichokiogopa miaka yote! Tuliondoa manne kwa wiki kadhaa, yale yaliyokuwa hayashikiki tena. Mengine yameokoka, na yamekaza. Nayagusa kwa ulimi, hayatikisiki.

Na sukari? Ndugu zangu, nisiseme uongo hapa madhabahuni. Sikuponywa sukari, bado ninayo, na vidonge ninavyo mfukoni hapa. Daktari wa kliniki alinibadilishia kimoja, na machungwa nimeyaacha, hilo nalo lilisaidia. Sisemi yalikuwa meno peke yake. Lakini ile sukari iliyokataa kushuka ilishuka. Ikaja kumi na mbili. Mwezi uliofuata ikaja tisa. Nilimwomba muuguzi apime mara ya pili, akanikemea kwamba vijiti vya kupimia si vya kuchezea.

Tukaenda tena Tanga. Yule daktari wa macho akatazama karatasi, akanitazama, akasema, "Mzee, safari hii umenisikia." Sikumweleza habari ya machungwa, angenicheka. Akanipasua siku ile ile. Asubuhi yake wakanibandua ile bendeji, na kitu cha kwanza nilichokiona kwa jicho hili la kulia ni Mama Eliza, amesimama mbele yangu kashika kikapu. Nikaona mvi. Mke wangu ana mvi, tena nyingi, hapa mbele, na mimi sikuwa najua! Zilikuwa zimeota wakati wa ule ukungu. Nikamwambia, umekuwa mzuri. Akasema, nyamaza, watu wanasikia. Nikasema tena.

Hatibu nilikwenda kumwomba radhi, nikamkuta anakagua matairi. Nikaanza hotuba yangu, akanikata, akafungua mlango wa mbele wa lori, akasema, "Panda, Sheikh, kiti kiko wazi." Na lile shamba la mjane lilichumwa lote, wala halikuwa na ugonjwa. Hatibu hakuwa amenisikiliza siku ile. Namshukuru Mungu kwa watu wasionisikiliza!

Mtauliza, sasa nani anaonja? Mkutane na mwonjaji mpya: Mama Eliza, simama watu wakuone! Amepimwa, hana sukari. Anapita na chupa yake ya maji, anaonja, anasukutua, anaendelea. Mimi namfuata nyuma na kisu, nakata. Mara ya kwanza nilimwambia maji yatampoza ulimi. Hatibu akamjaribu kwa machungwa kumi yaliyochanganywa, akayapanga yote sawasawa kutoka kali hadi tamu. Mila ya wazee wetu wote ilikufa kwa chupa moja ya maji, na siku hizi wanunuzi wakipiga simu wanauliza, mama yupo?

Kwa hiyo nashukuru. Nashukuru Mungu aliyenijibu kwa mdomo wa Mdigo mkaidi na kwa mikono ya binti wa Pangani. Namshukuru mke wangu aliyekaa miaka miwili akivumilia kile ambacho madereva wa lori walishindwa. Hata kwa ile aibu nashukuru, maana isingekuwa aibu ningekuwa nimekaa hapo mbele leo nashikwa mkono, sioni.

Na ninyi, ndugu zangu, mlio na sukari, nawasihi. Damu kwenye mswaki si jambo la kuzoea. Jino linalocheza halitakaa lenyewe. Mkienda kliniki ya sukari waambieni na habari za kinywa, hata wasipouliza, na mkienda kwa meno waambieni mna sukari, mmekula nini, mnameza nini. Msiifiche kazi yenu kama nilivyoificha mimi. Wake, waambieni waume zenu. Waume, nanyi waambieni wake zenu, kwa upendo, chumbani, si mbele ya watoto. Na wewe utakayeambiwa usitukane mtu. Mimi nimekwisha kutukana kwa niaba yenu wote, imetosha.

Alhamisi hii nitakuwa kwenye lile benchi la nje, mlango wa meno, tangu saa moja asubuhi. Siendi kutibiwa, nimemaliza. Nakwenda kukaa na yeyote anayeogopa. Tutasali kidogo, na kama hujala nitakurudisha ukale.

Mwamini Mungu, ndugu yangu, na ufungue mdomo. Wewe uliyekaa kule nyuma, tangu nimeanza kusema unacheka umeziba mdomo kwa mkono, nimekuona. Kabla ya kupasuliwa nisingeweza kukuona. Njoo Alhamisi. Nitakuwekea nafasi upande wangu wa kulia.

Amina.